Ni kweli mashindano ya dunia ya kalingi yalianzishwa na wauza wiski?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Majengo, Moshi. Kijiweni kwetu tumebishana sana kuhusu ule mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu huku wengine wanafagia. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba mashindano yake ya dunia, yale ya kila mwaka, yalianzishwa na wauza wiski wa Scotland, tena mwanzoni hiyo “dunia” ilikuwa nchi mbili tu. Mimi nikamkatalia, tukawekeana soda. Halafu kwa nini Scotland inacheza kwa jina lake wakati kwenye Olimpiki naona bendera ya Uingereza? Na la kizushi: barafu ya Kibo iko juu ya vichwa vyetu, sisi tunakwama wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Andaa hela ya soda, maana mwenzako kapata yote mawili.

Mwaka 1959 chama cha watengenezaji wa wiski wa Scotland, Scotch Whisky Association, kilidhamini kombe lililoitwa Scotch Cup. Waliogombea walikuwa mabingwa wa Scotland na mabingwa wa Kanada, hakuna wa tatu. Zikapigwa mechi tano huko huko Scotland, katika miji ya Falkirk na Edinburgh, na Kanada ikabeba zote tano. Orodha ya mabingwa wa dunia wa kalingi upande wa wanaume huanzia hapo. Hesabu ya watu wa wiski haihitaji mtaalamu kuisoma: soko kubwa lilikuwa ng’ambo ya Atlantiki, na huko Kanada mchezo huu ulikuwa na wapenzi wengi kuliko hata kwao ulikozaliwa.

Msimcheke sana muuza wiski, lakini. Mashindano ya taifa ya Kanada, yaitwayo Brier, yalianza 1927 kwa pesa za kampuni ya tumbaku ya Macdonald, na hilo jina la Brier lilitoka kwenye tumbaku yao. Tumbaku ilipojitoa baada ya 1979, ikaingia bia ya Labatt. Na wewe mtu wa Moshi hakuna wa kukueleza Kilimanjaro Marathon imebebwa miaka mingi na bia gani.

Kwa wasioujua mchezo, niueleze kwa ufupi, kwa sababu bila hapo kisa cha 1972 nitakachokisimulia hakitaeleweka. Njia ya barafu ina urefu wa karibu mita 46 na upana usiozidi mita 5. Mwisho wake kuna duara la shabaha lenye kipenyo cha mita 3.66. Timu ina watu wanne, kila mmoja anaachia mawe mawili kwa kupokezana na mpinzani, kwa hiyo raundi moja ni mawe 16. Jiwe ni la matale, lina mkono wa kushikia juu, na uzito wake haupiti kilo 19.96, mama wa sokoni angekwambia ni debe moja la mahindi. Mchezaji huteleza nalo, kisha huliachia likizunguka polepole, na mzunguko huo ndio unaolipinda njiani. Wenye fagio wanasugua barafu mbele yake ili ipate joto kidogo, jiwe lifike mbali zaidi na lisipinde sana. Raundi ikiisha, timu moja tu hupata alama: ile yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu. Inapata alama moja kwa kila jiwe lake lililo karibu kuliko jiwe bora la mpinzani. Mechi za ubingwa wa dunia siku hizi ni raundi 10, na nafasi ya kuachia jiwe la mwisho ni mali inayogombewa kama penalti.

Sasa, kwa nini hizo nchi mbili? Scotland ndiko kalingi ilikopata sheria. Mwaka 1838 iliundwa klabu mama mjini Edinburgh, Grand Caledonian Curling Club. Miaka minne baadaye Malkia Victoria alipotembelea kasri la Scone alionyeshwa mchezo huo juu ya sakafu ya ukumbi wa dansi, kwa kuwa barafu haikuwepo, na 1843 klabu ikaruhusiwa kujiita Royal. Wahamiaji wa Kiskoti walishauvusha mchezo bahari zamani hizo. Montreal ilikuwa na klabu yake tangu 1807. Kuanzia 1903 pande hizo mbili zikawa zinatembeleana kwa meli kushindania Strathcona Cup. Kwa hiyo watu wa wiski hawakubuni uhasama wowote. Waliukuta umekomaa, wakauwekea kombe.

Jina la kukumbuka katika miaka ile ya kwanza ni Richardson. Ernie Richardson wa Regina, jimbo la Saskatchewan, alikuwa nahodha. Alicheza na mdogo wake Garnet, ambaye kila mtu alimwita Sam, na binamu zao wawili, Arnold na Wes. Ukoo mmoja, timu nzima. Walishinda 1959, 1960, 1962 na 1963, ingawa mara ya mwisho Wes aliumwa mgongo na nafasi yake akacheza Mel Perry. Waskoti waliwashangaa. Wao walizoea kuachia jiwe mapema na kulilaza taratibu kwenye duara. Wakanada walikuja wakiteleza na jiwe umbali mrefu kabla ya kuliachia, kisha wakilitupa kwa nguvu kufagilia mbali mawe ya mpinzani. Hata fagio zilitofautiana: Waskoti walikuwa na brashi, Wakanada walikuja na mafagio makubwa ya nyuzi yaliyopiga barafu kwa kishindo.

Nchi nyingine ziliingia kidogo kidogo. Marekani 1961, Uswidi 1962, Norwei na Uswisi 1964, Ufaransa 1966, Ujerumani Magharibi 1967. Lakini kuongeza viti mezani hakukuyafanya mashindano yawe ya dunia. Miaka sita ya mwanzo kombe lilikuwa la Kanada tu, na maoni yangu ni kwamba shindano ambalo mshindi wake anajulikana kabla ya ndege kutua ni maonyesho. Ubingwa wa dunia ulianza kuwa na maana Kanada ilipoanza kufungwa. Mwaka 1965, mjini Perth, Scotland, Bud Somerville wa Superior, Wisconsin, aliipa Marekani kombe. Mwaka 1967, hapo hapo Perth, Chuck Hay akalirudisha kwa wenyeji. Katikati, mwaka 1966, lilianzishwa shirikisho la kimataifa, kwanza likiwa kama tawi la ile klabu ya Kiskoti, na 1982 likajitegemea. Mwaka 1991 likapewa jina la World Curling Federation.

Wiski ilijitoa baada ya 1967. Shirika la ndege la Air Canada likachukua nafasi, kombe likaitwa Air Canada Silver Broom, yaani ufagio wa fedha, na likadumu kwa jina hilo kuanzia 1968 hadi 1985. Hapo nako hesabu inasomeka: shirika la ndege linataka watu wasafiri, na shindano linalohama kila mwaka, leo Bern, kesho Regina, linauza tiketi. Ron Northcott wa Calgary, aliyekuwa ameshinda tayari 1966, akashinda ufagio huo miaka miwili ya kwanza, 1968 na 1969. Mashabiki wakawa wanaufuata ufagio nchi hadi nchi.

Tukija kwenye kisa chenyewe, ni Machi 1972, mji wa Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani Magharibi. Fainali ni Kanada dhidi ya Marekani. Nahodha wa Kanada ni Orest Meleschuk, bonge la mtu kutoka Winnipeg. Wa Marekani ni kijana Bob LaBonte. Raundi ya mwisho Marekani inaongoza 9–7 na Meleschuk amebaki na jiwe moja mkononi. Anahitaji alama mbili ili kusawazisha. Akaliachia, likaligonga jiwe la Marekani likatoka, lakini la kwake nalo likaserereka pembeni. Je, bado lilikuwa karibu na kitovu kuliko jiwe la Marekani lililobaki? Kwa macho ilikuwa vigumu kusema, ilibidi lipimwe. Mwenzake LaBonte, Frank Aasand, aliona wameshinda, akashangilia. LaBonte akaruka juu kwa furaha. Alipotua akateleza, mguu wake ukalipiga teke jiwe la Kanada.

Basi. Jiwe limeguswa na mtu wa upande wa Marekani kabla ya kupimwa, haliwezi kupimwa tena, na Kanada ikapewa alama zake mbili. Raundi ya nyongeza, Kanada ikashinda 10–9. Katika mpira wa miguu hapo mwamuzi angehitaji polisi. Katika kalingi mchezaji aliyegusa jiwe anatakiwa ajitaje mwenyewe, na timu inayoona haina tena matumaini inatoa mkono na kuondoka uwanjani kabla raundi hazijaisha, kwa hiyo watu walimeza. Walimeza, lakini hawakusahau. Hekaya ikazaliwa kwamba LaBonte ameilaani Kanada, na ukiangalia matokeo unaweza kuiamini: 1973 Uswidi, 1974 Marekani, 1975 Uswisi, 1976 Marekani, 1977 Uswidi, 1978 Marekani, 1979 Norwei. Kanada ilisubiri hadi 1980, Rick Folk alipochukua kombe mjini Moncton.

Mimi laana siiamini. Ninachokiona ni utaratibu. Kanada ilikuwa ikipeleka timu iliyoshinda Brier mwaka ule, na Brier ni ngumu kiasi kwamba mara nyingi kila mwaka inatoka timu mpya, isiyojua barafu ya Ulaya. Wazungu wa Ulaya walikuwa wanarudi na watu wale wale mwaka baada ya mwaka, wakijifunza kutokana na vipigo. Mfumo uliowapa Wakanada wachezaji wengi wazuri ndio uliowanyima timu moja iliyozoeana na mashindano yale. Ugonjwa huo umerudi. Kanada ina mataji 36 ya wanaume, idadi ambayo hakuna anayeikaribia, lakini la 36 ni la Brad Gushue, 2017 mjini Edmonton, na hadi 2025 hawakuwa wameongeza la 37. Katika kipindi hicho Niklas Edin wa Uswidi amefikisha mataji saba, la saba likiwa 2024 mjini Schaffhausen, na Bruce Mouat wa Scotland ametwaa 2023 akiwa Ottawa na 2025 akiwa Moose Jaw. Yaani kote kuwili alilibebea kombe nyumbani kwa Wakanada. Timu za hao wawili zimekaa pamoja miaka mingi, zinalelewa na vyama vyao, na kalingi ndiyo kazi yao.

Wanawake walichelewa kupewa la kwao. Ubingwa wao wa dunia ulianza 1979, Perth tena, na bingwa wa kwanza alikuwa Uswisi chini ya Gaby Casanova. Miaka ishirini baada ya wanaume, na sijawahi kusikia sababu ya maana. Wamezaa wachezaji ambao mimi nawaona wa kuvutia kuliko wanaume. Elisabet Gustafson wa Uswidi alishinda mara nne, 1992, 1995, 1998 na 1999, huku akiwa daktari wa upasuaji. Sandra Schmirler wa Saskatchewan alishinda 1993, 1994 na 1997, akaongeza dhahabu ya Olimpiki 1998, na saratani ikamchukua mwaka 2000 akiwa na miaka 36. Mwaka 2009 Wang Bingyu aliipa China ubingwa mjini Gangneung, Korea Kusini, ukawa wa kwanza kwenda Asia. Silvana Tirinzoni wa Uswisi alitwaa ubingwa katika mashindano manne mfululizo: 2019, 2021, 2022 na 2023. Huo 2020 unaokosekana ni wa korona. Yalifutwa ya wanaume na ya wanawake. Mwaka uliofuata wanaume walichezea Calgary wakiwa wamefungiwa, bila watazamaji.

Kuna jambo la sheria ambalo mashabiki wapya hawalijui, nalo ndilo lililouokoa mchezo. Kufikia miaka ya 1980 barafu ilikuwa nzuri mno na wachezaji wana shabaha mno. Timu ikiongoza alama moja ilikuwa inapiga kila jiwe la mpinzani na kulitoa, raundi baada ya raundi, mpaka mechi inakwisha 3–2 na watazamaji wamesinzia. Pat Ryan wa Alberta, bingwa wa dunia wa 1989, alikuwa fundi wa mtindo huo. Dawa ilitoka kwa Russ Howard, Mkanada mwenzake, aliyekuwa akifanya mazoezi kwa sharti kwamba mawe manne ya kwanza yasitolewe uwanjani. Sharti hilo likajaribiwa kwenye shindano moja la Moncton, Januari 1990, na mwanzoni mwa muongo ule likaingia ubingwa wa dunia likilinda mawe yaliyo mbele ya duara hadi manne ya kwanza yawe yameachiwa. Tangu msimu wa 2018–19 ni hadi matano. Matokeo yake mawe hujaa uwanjani, na timu iliyo nyuma kwa alama tatu haitoi mkono mapema.

Televisheni nayo ilitia mkono wake. Kuanzia 1989 wanaume na wanawake walikuwa wanacheza mji mmoja, juma moja. 2005 wakatenganishwa, wanawake Paisley, wanaume Victoria, ili yawepo mashindano mawili ya kuonyesha badala ya moja. Idadi ya timu ilitoka kumi mwaka 1973, ikawa kumi na mbili, na 2018 ikafika kumi na tatu. Kila timu inakutana na kila timu, sita za juu zinaingia mtoano. Kulikuwa pia na mzozo wa fagio msimu wa 2015–16, pale vitambaa vipya vilipowezesha wafagiaji karibu kuliendesha jiwe kama gari. Shirikisho likalazimisha kitambaa cha aina moja, ukaisha.

Swali lako la bendera ni jepesi kwa mtu anayefuatilia mpira. Shirikisho la kalingi linaitambua Scotland peke yake, England peke yake na Wales peke yake, kama FIFA. Kamati ya Olimpiki inatambua kamati ya Uingereza nzima tu. Kwa hiyo Eve Muirhead alikuwa bingwa wa dunia wa 2013, mjini Riga, akiwa na jezi ya Scotland, na dhahabu yake ya Olimpiki ya 2022 akaivaa kwa jina la Uingereza. Mchezaji yule yule, mkono ule ule. Olimpiki yenyewe ilikuja kwa kusuasua: kalingi ilichezwa Chamonix 1924, na ilichukua hadi 2006 medali zile kuthibitishwa kuwa rasmi. Ilirudi kwa medali kamili Nagano 1998, Olimpiki ile ile ambayo jirani yetu Philip Boit wa Kenya alishindana kwa mara ya kwanza katika mbio za kuteleza kwenye theluji. Kwa wachezaji wengi wa Ulaya sasa Olimpiki ndiyo kubwa. Nadhani wanakosea. Ubingwa wa dunia ni wa kila mwaka, na mtu hawezi kuotea mara saba kama Edin.

Haya, Kibo. Barafu ya kalingi inataka sakafu iliyopimwa ikawa bapa kabisa. Juu yake hunyunyiziwa matone ya maji yanayoganda kuwa vipele, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Bila vipele hata debe lako la matale linasimama njiani. Barafu ya Kibo imeinama, ina nyufa na vumbi la volkano, na iko karibu na mita 5,895 ambako mtu anahema kwa kusimama tu. Tena inakwisha: zaidi ya asilimia 80 ya iliyokuwepo 1912 imetoweka. Waskoti wenyewe yamewakuta. Lile pambano lao kubwa la nje, Grand Match, linalohitaji ziwa ligande vizuri, lilichezwa mara ya mwisho Februari 1979 kwenye Lake of Menteith. Tangu hapo barafu nene ya kutosha na ya salama haijawapa nafasi, na mchezo wote umeingia ndani ya majengo.

Hivyo tunapokwama ni kwenye jengo na chama, mlima hauhusiki. Nigeria ilijiunga na shirikisho la dunia mwaka 2018, ya kwanza kutoka Afrika, na 2019 ikapeleka mwanamume na mwanamke kwenye ubingwa wa dunia wa wawili wawili kule Stavanger, Norwei. Hiyo ndiyo njia fupi: wawili ni rahisi kuwapata kuliko wanne. Kwa timu kamili, nchi isiyo ya Ulaya imekuwa ikipitia mashindano ya Pan Continental, yaliyoanza 2022 mjini Calgary, ikianzia daraja la chini. Wachezaji wengi wa nchi za joto wanaofika huko ni wahamiaji wanaoishi kwenye baridi na kuchezea nchi za wazazi wao, kwa hiyo kama una ndugu Toronto au Stockholm mwenye pasipoti ya Tanzania, mpigie. Kwa kujaribu kuteleza tu, uwanja wa barafu wa karibu na Moshi niliowahi kuufahamu ni ule wa hoteli ya Panari, Nairobi, uliofunguliwa 2005. Vijana wa Kenya wa mpira wa magongo wa barafuni, Ice Lions, walijifunzia hapo. Ni mdogo kwa njia kamili ya kalingi, lakini ufagio na mguu wa kutelezea unaweza kuvijaribu popote penye barafu bapa.